Bomba la Akiba

Uzi ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu walipohamia.

Fundi aliushika kwa vidole viwili, akaunusa kama mtu anayeyashuku maziwa. Ulinuka udongo wa chini kabisa, ule mweusi unaotoka ukichimba choo. Akaukamua, na tone likadondoka kwenye sakafu ya kabati. Akajifuta mkono kwenye suruali, akafunga mlango wa kabati, akajiambia kwamba plastiki hupigwa na jua mchana, na ikipoa hutoa jasho. Mafundi hawakosi maelezo. Ukimkuta fundi hana maelezo, ujue mambo yameharibika kweli.

Mtaani walimwita Waya. Kwanza kwa sababu ya kazi yake, maana alikuwa akipitisha nyaya za intaneti katika ofisi na majumba ya watu. Pili kwa sababu ya mwili, maana hata shati la saizi ndogo lilimpwaya. Miaka mingi alikuwa akibomoa kuta za wengine. Watu hujenga, hupiga plasta, hupaka rangi, hununua makochi, ndipo wanakumbuka kwamba wanataka intaneti chumbani, na hapo Waya anaitwa aje na tindo lake. Vumbi alikuwa amelimeza la kutosha. Basi alipopata kiwanja na kuanza kuinua nyumba yake mwenyewe, aliapa kwamba ukuta wake hautaguswa na tindo maisha yake yote.

Alipanga kweli. Kila chumba kilipata mabomba mawili ya plastiki, yakafukiwa ukutani kabla ya plasta: moja la waya wa leo, jingine tupu, la kungojea waya wa kesho, wowote utakaokuja. Mabomba yote yalikutana kwenye kabati la korido, midomo imejipanga safu juu ya safu. Ndani ya kila bomba tupu aliacha uzi wa nailoni kutoka ncha hadi ncha. Siku ukitaka kupitisha waya, unaufunga kwenye uzi, unavuta upande wa pili, basi. Hujabomoa kitu, hujamsumbua mtu.

"Mabomba matupu ya nini lakini?" mkewe alimwuliza siku hizo za ujenzi. Alikuwa fundi cherehani, na hakupenda kitu kizima kikae bure. "Unafukia nafasi ukutani."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka, nafasi. Leo unataka intaneti sebuleni. Kesho hata cherehani yako itataka intaneti."

"Cherehani yangu inataka mafuta tu, Baba Kasuku."

"Keshokutwa mtoto amekua, anataka chumbani kwake. Mimi sibomoi!"

Kasuku alikuwa binti yao wa pekee, hajaanza hata shule. Jina hilo alipewa na majirani wa nyumba waliyokuwa wakipanga, kwa sababu aliongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, na hata akishayafumba aliendelea kidogo. Aliongea na viatu. Aliongea na mjusi, akamlaumu kwa kutojibu. Waya akirudi kazini mwili umevunjika, alikaa tu kwenye kiti akamsikiliza, na uchovu wote ukamtoka. Hapakuwa na kitu alichokipenda duniani kuliko sauti ile.

Kulikuwa na bomba moja zaidi, na hili halikwenda chumba chochote. Lilitoka kabatini, likapita chini ya sakafu, likaingia uani kuelekea ukuta wa nje, ili siku moja, Mungu akijalia, aweke kamera getini. Yeye mwenyewe aliliita bomba la akiba. Mtaro wake aliuchimba shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana mpole mwenye mwili mkubwa aliyeitwa Bonge, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu zamani.

Sasa, kila kundi la mafundi lina maneno yake ya kujaribia mabomba. Wao walikuwa na haya: mmoja anakaa kabatini, anaweka mdomo kwenye bomba, anaita, "Upo?" Mwenzake aliye ncha ya pili anajibu, "Nipo." Hapo yule wa kwanza anasema, "Kaa hapo mpaka nikuite," ili mwenzake asiondoke kabla uzi haujapita. Uzi ukishapita anaitwa tena: "Toka, tumemaliza." Walikuwa wameyasema maneno hayo katika nyumba nyingi hivi kwamba hawakuyasikia tena, yalitoka yenyewe kama chafya.

Siku ya kujaribu mabomba ya nyumba yake, Waya alimaliza vyumba vyote, akafika kwenye bomba la akiba. Akainama, akaita, "Upo?"

 Kisha ikaja sauti ya chini, yenye mkwaruzo, ya mtu mwenye mafua makali.

"Nipo."

"Kaa hapo mpaka nikuite."

Akaingiza uzi kwa kuusukuma na waya mgumu, ukaenda kwa urahisi wa ajabu, kana kwamba upande wa pili kuna mtu anauvuta. Akamsifu shemeji yake moyoni. Mara simu ikalia; mteja mmoja mtandao wake umekufa na ofisi nzima inamlilia. Waya akakusanya vifaa, akaondoka mbio. Plasta ikapigwa, rangi ikapakwa, wakahamia. Na kwenye bomba lile la mwisho hakuwa amemwambia mtu yeyote atoke.

*

Baada ya uzi kulowa, ulianza kufupika. Kila Waya alipofungua kabati aliukuta umeingia ndani zaidi, mpaka ikabaki ncha tu. Akafunga nati ya chuma kwenye ncha hiyo ili usimezwe wote. Mchana uliofuata mkewe alikuwa akishona sebuleni, jua kali nje, mtaa mzima umetulia, akasikia mlio mdogo kutoka koridoni. Ti. Ti. Ti. Akasimamisha cherehani. Mlio nao ukasimama. Akakanyaga pedali tena, na mlio ukaanza tena, kwa mwendo ule ule wa mguu wake.

"Panya," Waya alisema jioni.

"Panya anayefuata pedali?"

"Mama Kasuku, nyumba mpya ina milio yake. Inajikalia vizuri."

Lakini alikwenda kuangalia. Nati ilikuwa imebanwa kwenye mdomo wa bomba kwa nguvu, uzi umekaza kama wa gitaa, na alipougusa akahisi unatetemeka, taratibu, unapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Akauachia haraka. Hakumwambia mkewe. Aliona haya, na haya ya mwanaume aliyejenga nyumba yake mwenyewe ni kitu kizito.

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi, udongo wa shimo, ulianza kunuka jikoni, ukanuka chumbani, ukaingia kwenye nguo zilizokunjwa. Mkewe alipiga deki kwa dawa yenye harufu kali, na nyumba ikanuka dawa pamoja na udongo. Alasiri moja, akipita koridoni na ndoo, akamsikia Kasuku akiongea chumbani kwake. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba alikuwa akinyamaza katikati, kama mtu anayengoja zamu yake.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, shavu ameligandamiza ukutani, mdomo umeelekea kwenye kitundu cha soketi ambacho Waya alikuwa hajakifunika.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na huyu aliyeambiwa akae."

Ndoo ilimponyoka mama mtu kidogo, maji yakamwagikia miguu. "Nani kamwambia akae?"

"Baba. Anasema amekaa mpaka amechoka, na baba hamwiti." Kasuku alisema hayo bila wasiwasi wowote, huku akijikuna goti. "Hana sauti nzuri, mama, inamwuma. Nimemwambia nitamwazima yangu."

Mama alimnyanyua juu juu, akakiziba kile kitundu kwa kitambaa cha kwanza alichokipata mkononi, akatoka na mtoto hadi uani, akakaa naye juani ingawa jua lilikuwa la kuunguza. Asubuhi iliyofuata Kasuku aliamka, akafungua mdomo kuanza kuongea kama kawaida yake, na haikutoka hata pumzi.

Walimpeleka hospitali. Daktari alimulika koo, akapapasa shingo, akapiga picha, akawaambia koo la mtoto halina hata mkwaruzo, apumzike. Waya alirudi nyumbani amembeba begani. Njia nzima mtoto alikuwa akimwonyesha vitu kwa kidole, mbwa, baiskeli, puto, akimtazama usoni amsemee, na Waya akavisema kimoja kimoja huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Jioni hiyo umeme ulikatika. Mvua ya kwanza ilikuwa inakusanyika, mbingu imefunga, na ndani ya nyumba kulikuwa na ule mwanga wa kijivu ambao si mchana wala usiku. Walikaa watatu kwenye kochi, mtoto mapajani kwa mama yake. Ndipo kutoka jikoni, ambako hapakuwa na mtu, wakasikia sauti ya Kasuku ikimlaumu mjusi kwa kutojibu, neno kwa neno kama alivyozoea, kisha ikacheka, na kicheko kikaingia ukutani na kuanza kutembea, kikapita nyuma ya kabati la vyombo, kikapanda juu ya mlango, kikateremka nyuma ya kochi walilokalia, karibu sana na visogo vyao hata wakahisi ubaridi wa plasta, na muda wote huo mama alikuwa amemshika mtoto uso kwa mikono miwili, akimtazama midomo, na midomo ilikuwa imefumbwa, inatetemeka.

"Baba Kasuku," alinong'ona. "Umemwambia nani akae kwenye nyumba hii?"

Waya hakuwa na maelezo.

*

Mtaalamu wa mashetani waliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo aliyeuza miche ya maua kando ya barabara. Alikuja na mkoba wa plastiki, kucha zimejaa udongo, akalalamikia ngazi za mlangoni kwamba zimejengwa kwa ajili ya twiga. Hakutaka chai. Alifunguliwa kabati, akaushika ule uzi, akaupeleka puani. Hapo utani ukamwisha.

"Udongo huu haujawahi kuona jua," alisema. "Bomba hili linaishia wapi?"

"Uani, karibu na ukuta," Waya alijibu. "Shemeji yangu ndiye aliyekuwa ncha ile siku tunajaribu. Aliniitikia vizuri tu."

Bonge alikuwa amesimama nyuma yao. 

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "lile la uani mimi sikukuitikia. Nilikuwa dukani nakunywa soda. Niliporudi nikakuta umeondoka, nikajua umeliacha."



"Na kuna jambo jingine. Nilipochimba, sururu ilizama. Kulikuwa na shimo, shemeji, la kale, jembamba. Nikatupa jiwe, sikusikia likitua. Nilikuwa na njaa. Nikaiweka ncha ya bomba pale pale juu ya shimo, nikafunika kwa bati, nikarudishia udongo. Nikasema nitakuja kuiziba."

"Ukaiacha wazi!"

"Lilikuwa bomba tupu! Nani anaziba bomba tupu siku hiyo hiyo?"

Na kweli, hakuna fundi anayefanya hivyo. Waya mwenyewe asingefanya. Hasira ikamwisha, akabaki na hofu peke yake.

Mtaalamu aliketi kwenye kigoda cha korido, akafikiri. "Hili jini halikuvamia," alisema hatimaye. "Uliliuliza kama lipo, likasema lipo. Ukaliambia likae. Linakaa. Mimi nikilifukuza halitanisikia, kwa sababu si mimi niliyeliweka. Wewe ndiye utakayeliambia litoke, kwa maneno yenu yale yale, na lipite lilipopitia." Akamgeukia Bonge. "Wewe, chimba, fungua hiyo ncha, iwe wazi juu ya shimo lake. Kanda saruji, ukae nayo tayari. Likishatoka, ziba upesi. Lakini usizibe mpaka shemeji yako akuite kwa sauti yake."

"Nikae mdomoni mwa shimo, mama? Likinimeza?"

"Wewe? Litakwama."

Ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika katika nyumba ile siku hiyo. Bonge alitoka na koleo. Mama Kasuku alijifungia chumbani na mtoto. Baada ya muda, dirisha la korido likiwa wazi, wakamsikia Bonge akipiga kelele kwamba yuko tayari. Ngurumo ilikuwa ikija kwa mbali. Mtaalamu aliwasha ubani kwenye kifuniko cha kopo, akaziba midomo ya mabomba yote kwa matambara, akaacha lile moja. Waya akapiga magoti, kama alivyopiga magoti mbele ya mabomba ya watu maisha yake yote.

"Upo?"

"Nipo, baba," Kasuku alijibu kutoka gizani.

 Waya alishika fremu ya kabati asianguke. "Toka," alisema. "Tumemaliza."

"Siwezi."

"Nimekuita. Nilisema ukae mpaka nikuite. Sasa nimekuita, toka!"

"Kule chini hakuna wa kuongea naye," ile sauti ndogo ilisema, na ilikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ndiyo iliyomwogopesha Waya kuliko kitu kingine. "Nilikuwa kimya tangu zamani sana. Wewe ndiye uliyeniuliza kama nipo. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa najua kuongea, nirudi kimya tena?"

"Mrudishie mtoto sauti yake."

"Nitabaki na ipi?"

Mtaalamu alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja chake chenye udongo, akitikisa kichwa kwa nguvu. "Usijibu hilo," alinong'ona sikioni mwake. "Hilo usilijibu, mwanangu."

Waya alisikia mvua ikianza kudondoka juu ya bati. Alimfikiria Kasuku begani kwake akionyesha puto kwa kidole. Akautoa ule mkono mdomoni pake, polepole, kwa heshima.

"Yangu," alisema.

Pumzi ya baridi ilitoka bombani ikamwingia mdomoni, ikashuka, ikafika chini kabisa ya kifua, na hapo akahisi kitu kinakamatwa na kuanza kuvutwa, kirefu, kwa utulivu, kama uzi unavyovutwa na fundi mwenye subira, kikipanda kifuani, kikipita kooni na mafundo yake yote, kila jina alilowahi kuita na kila wimbo aliowahi kuuimba akiwa juu ya ngazi, na wakati huo huo ule uzi wa nailoni ulikuwa unakimbia kuingia bombani, unapiga mluzi, hadi nati ikagonga mdomo wa bomba, ikapasuka, na uzi wote ukatoweka. 

Chumbani mtoto alikohoa.

"Mama," Kasuku alisema, "mbona unalia? Nina njaa. Yule mjusi yuko wapi?"

Mama Kasuku alipiga ukelele wa furaha uliopita ukuta. Waya alifungua mdomo amwite binti yake, na hakikutoka kitu. Alicheka bila sauti, akilia, mikono kichwani. Mtaalamu alikuwa amepiga magoti ubavuni pake, anasikiliza bomba, na mle ndani, mbali, wote wawili waliisikia sauti ya Waya ikiondoka kuelekea uani, ikijisemea maneno, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Sasa," Mtaalamu alinong'ona, "tungoje itoke kabisa. Kisha mwite shemeji yako a..." Akakatiza. Alimtazama Waya mdomoni. Akaelewa, na Waya akaelewa, na wote wawili wakaruka kuelekea dirishani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Bonge aliingia amelowa chapachapa, mikono ya kijivu hadi viwikoni, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nimeziba, shemeji. Nimeshindilia na jiwe juu, hakitoki kitu wala hakiingii. Ulivyopiga kelele vile, 'Ziba, shemeji, ziba sasa hivi!', hata sikupumua."

 Kutoka ndani ya kuta, pande zote, taratibu, ikaja pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani. Mtaalamu aliokota mkoba wake, akavua ndala akazishika mkononi ili akimbie vizuri. "Hameni," alisema, na hilo ndilo neno lake la mwisho.

*

Kuhama si kukunja mkeka. Ilibidi watafute chumba cha kupanga, watafute gari. Bonge alichimba upya akilia, akakuta bomba limeishia kwenye udongo mgumu, shimo halipo. Siku hizo walilala wote pamoja sebuleni, taa inawaka. Matambara waliyoshindilia kwenye midomo ya mabomba waliyakuta kila asubuhi sakafuni, yamelowa.

Na sauti ya Waya ilikuwa ikizunguka humo ukutani ikifanya mambo ya Waya. "Mama Kasuku, chai ipo?" ilisema asubuhi, kwa ule ule uvivu wake wa kupiga miayo. "Shemeji, nipe tindo." Ilijifunza utani wake. Mkewe alikuwa akiziba masikio kwa sababu mara nyingine mdomo wake ulianza kujibu kabla hajakumbuka.

Wakapeana ishara. Baba wa kweli haongei. Baba wa kweli anagonga mara mbili, ngo ngo, kama mafundi wanavyofanya mashine zikiwa zinanguruma na hakuna anayesikia. Ukisikia baba anaongea, nyamaza. Ukisikia ngo ngo, njoo. Kasuku aliupenda mchezo huo. Alikuwa amerudi vile vile, mdomo haufungi, na Waya alimgongea meza, akamgongea ndoo, akamgongea bati la geti, ili tu aje mbio na kumsimulia jambo lolote.

Siku ya kuhama jua liliwaka safi. Gari la mizigo lilisimama getini, injini inanguruma, dereva ana haraka. Mama Kasuku alikwishapanda mbele, cherehani ameipakata kama mtoto. Bonge alikuwa juu anapanga magodoro. Waya alikuwa nyuma anakaza kamba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alihisi kifua kimefunguka. Nyumba aliiacha. Mabomba yake yote, mipango yake yote, aliyaacha na wala hakuumia. Sauti aliyoipenda ilikuwa inakwenda naye.

"Kopo langu la vifungo!" Kasuku alisema, akateremka upande wa pili kabla mama yake hajamshika, akakimbia ndani.

Waya alimwona akipita mlangoni. Kutoka ndani akasikia sauti yake mwenyewe, tamu, ya mtu aliyerudi kazini: "Kasuku, mwanangu, njoo."

"Sitakujibu!" mtoto alicheka. "Wewe si baba. Baba haongei!"

Waya alitabasamu peke yake, kamba mkononi. Mtoto mwerevu.

Kisha, ndani ya ukuta wa korido, kwa utulivu na usahihi, kitu kikagonga mara mbili.

Ngo. Ngo.

Kamba ilimtoka. Magodoro yakaanza kuporomoka nyuma yake, Bonge akapiga yowe, injini ikanguruma, na Waya alikuwa tayari anakimbia, mdomo ameufungua wote, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele kwa nguvu zake zote jina la binti yake na hakuna kinachosikika ila pumzi, akiruka ngazi alizozijenga mwenyewe, akiiona korido mbele yake na mlango wa kabati uliokuwa wazi, na vile viguu vidogo vikikimbilia kule kwa furaha.

"Nipo, baba!" Kasuku aliitika.

Na kutoka kabatini, kwa sauti ya Waya, bila haraka, kama fundi aliye kazini:

"Kaa hapo mpaka nikuite."